Hatua Sabini Kutoka Kisimani

Tingatinga lingeanza kuchimba saa nne kamili asubuhi kwa saa za Johannesburg, ambayo kule Ayalandi ni saa mbili, na ilipofika saa tatu na nusu Jocelyne alikuwa ameshajichoma sindano mara mbili. Yeye! Fundi aliyeshona miaka ishirini na mbili, anajichoma vidole kama mtu aliyeshika sindano jana.

“Mama Orpha, utanipaka damu kwenye gauni,” alisema Kemunto, akimwita Jocelyne kwa jina la mwanawe. Alikuwa amesimama juu ya stuli katikati ya chumba, mikono ameiinua, ubavu mzima wa gauni umeshikiliwa kwa pini. Kemunto ni Mkenya, anafanya kazi benki kule Midrand, na alikuwa ameomba ruhusa ya asubuhi moja tu ili gauni la harusi ya dada yake limalizike. Kesho yake alikuwa na ndege ya Nairobi.

“Weye tulia. Usipumue,” Jocelyne akamjibu na pini mdomoni, lakini macho yake hayakuwa kwenye gauni. Yalikuwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye birika la chai mezani, na kwa mwanamke mzee aliyekaa mbele ya simu hiyo akisubiri ilie.

Mwanamke huyo ni Nuala, Mzungu wa miaka themanini na saba, mwenye nyumba. Mtaa mzima hapo Kensington ulimwita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, na Jocelyne naye alimwita hivyo tangu alipopanga chumba cha mbele miaka sita iliyopita akaweka cherehani yake dirishani. Kila asubuhi anapanda kwa miguu kutoka Troyeville anakoishi, anafungua, anampikia Gogo uji, kisha wawili hao wanakaa mpaka jioni, mmoja anashona, mwenzake anaongea. Mume wa Gogo alishafariki na mwanawe yuko Australia, sasa nani mwingine angemsikiliza?

Na Gogo alikuwa na habari moja tu duniani, habari za Carrowdoon, kijiji alichozaliwa huko magharibi ya Ayalandi. Nyumba arobaini, kama zilifika. Alimsimulia Jocelyne daraja la mawe lenye matao matano, lililojengwa mwaka wa ile njaa kubwa ya karne ya kumi na tisa na watu waliolipwa uji wa mahindi badala ya pesa, na jinsi mwashi mmoja alivyobonyeza kiganja chake kwenye chokaa mbichi chini ya tao la tatu, alama ikabaki. Alimsimulia duka lililo kando ya daraja, kizingiti chake cha jiwe jeusi kimelika katikati kwa nyayo za watu. Alimsimulia kinu cha baba yake cha kusagia nafaka, na kengele ya kanisa, ambayo nje ya saa za misa hupigwa kwa jambo moja tu, mtu akiwa anazama mtoni. Kengele hiyo ikilia, kila mwanamume wa Carrowdoon hutupa chini alicho nacho mkononi akakimbia. Na kisima cha mtakatifu, ambapo wagonjwa hufunga vipande vya nguo kwenye mti wa miiba. Hapo Jocelyne alisimamisha cherehani akauliza ni kitambaa gani, pamba au sufu. Miaka sita! Jocelyne hakuwa amewahi kupanda ndege, lakini kijiji kile alikijua kuliko Bertrams, ambayo iko hapo chini tu.

Pahali pamoja tu Gogo hakupataja, mpaka mwaka jana, barua ilipokuja. Kamati ya kijiji ilikuwa inawaandikia watu wake wa ughaibuni. Walitaka kuweka ubao mkubwa wenye historia na vivutio vya Carrowdoon, na kwenye shamba lililo nyuma ya kisima wangetengeneza maegesho ya magari ya wageni. Mwenye kumbukumbu yoyote alete. Gogo alisoma, akaiweka barua mapajani.

“Jocelyne,” alisema, “kwenye shamba hilo yumo mdogo wangu.”

Ilikuwa mwaka arobaini na sita, Nuala ana miaka minane. Mama yake alijifungua asubuhi mtoto wa kiume, na mtoto akafa kabla ya chakula cha mchana, padri akiwa bado njiani. Na siku zile, huko kwao, mtoto asiyebatizwa hakuzikwa kwenye ardhi ya kanisa. Jioni baba akamweka mtoto kwenye boksi la viatu, akabeba sepetu, akampa Nuala taa. Walipofika kisimani baba akamwambia, “Kanisa liwe mgongoni kwako, nenda kuelekea ule mti uliopinda. Tazama miguu yako, Nuala. Hesabu hatua, usitazame pembeni.” Akahesabu sabini. Baba akachimba, akafukia, akaweka jiwe. Miaka miwili baadaye familia ikahamia Johannesburg, baba akaingia migodini, na habari ya yule mtoto haikutajwa tena na mtu yeyote.

Jocelyne alikasirika kwa niaba ya watu ambao hata hakuwajua. “Mtoto wa nusu siku! Ana dhambi gani?” Lakini Gogo hakuwa na ugomvi na mapadri, alikuwa ameshauchoka. Kilichomtafuna miaka yote hiyo kilikuwa kingine. Walimwacha mtoto peke yake. Shamba tupu, mvua, giza, na hakuna hata ndugu mmoja karibu, halafu yeye, dada mtu, akarudi nyumbani akala viazi akalala. Alipofika hapo alilia kwa sauti, na Jocelyne akalia naye, na suruali ya mteja ikakaa mpaka kesho yake.

Basi Jocelyne akachukua daftari lake la vipimo, akaandika kurasa za nyuma maneno ya Gogo kama yalivyotoka, kisimani, kanisa mgongoni, mti uliopinda, hatua sabini. Akayatuma kwa simu. Katibu wa kamati, mwanamume mmoja mstaarabu anayeitwa Fergal, akajibu kwamba nyasi zimefunika kila kitu na jiwe hakuliona, lakini amehesabu hatua sabini na kupigilia kigingi chekundu. Wangezungushia ua hapo, mita tano kila upande, tingatinga lisiguse. Gogo alibusu simu. Kweli, aliibusu.

Kisha, wiki tatu kabla ya asubuhi hii, kiharusi kikampiga. Miguu ikabaki na nguvu kidogo, mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakachanganyika vibaya. Alitaka maji akasema mlango. Alitaka kulala akasema Jumanne. Jina la Jocelyne hakuweza kulitamka kabisa. Daktari alisema mengine yatarudi, mengine hayatarudi, tusubiri.

Simu ikalia saa tatu na dakika thelathini na tano. Sura ya Fergal ikajaa kwenye kioo, pua nyekundu kwa baridi, kofia ya sufu.

“Habari za asubuhi, Nuala! Niliahidi nitakuonyesha kabla hatujaanza. Tazama.”

Akageuza simu. Jocelyne akasogea, na Kemunto naye akapinda shingo kutoka juu ya stuli. Wakaona kisima, mti wa miiba wenye matambara yaliyoloana, geti, na kando ya geti tingatinga la njano likiwa linanguruma tayari, dereva ndani anakunywa chai. Mbali kule, kwenye nyasi ndefu, kigingi chekundu.

“Nitatembea kama ulivyoelekeza, uone mwenyewe,” Fergal akasema. “Moja. Mbili. Tatu.”

Gogo akaanza kuhesabu naye. Jocelyne akashangaa, maana mwanamke aliyeshindwa kusema maji alikuwa anahesabu vizuri kabisa, moja baada ya nyingine, bila kukosea. Ila alikuwa anakwenda mbio. Fergal yuko kumi, Gogo kumi na nane. Fergal ishirini, Gogo thelathini na sita.

“Polepole, Gogo,” Jocelyne akamwambia.

Hakusikia. Macho yameganda kwenye kioo, midomo inakwenda.

“Thelathini na tisa,” Fergal akasema.

“Sabini!” Gogo akapiga kelele. Akanyoosha mkono wa kushoto akagonga kioo. “Sabini! Jumanne! Hapo, mlango, hapo!”

Fergal akasimama kidogo, akacheka kwa upole, kicheko kile tunachowachekea wagonjwa. “Bado, Nuala. Tumefika nusu tu.” Akaendelea mpaka sabini, akaonyesha kigingi chake, akaonyesha kamba ya ua. “Yuko salama hapa, unaona? Wacha sasa niwaruhusu waanze, wana kazi nyingine mchana. Mungu akubariki.” Simu ikakatika.

Gogo alikuwa anapiga meza kwa kiganja. “Hapana,” alisema. Neno hilo lilikuwa zima. “Hapana, hapana, hapana.”

“Woiye, amechoka,” Kemunto akasema. “Mpe maji, Mama Orpha.”

Jocelyne akaenda kuchukua maji, na alipoinama kumnywesha ndipo akaona miguu. Chini ya blanketi, ndani ya zile ndara za manyoya, miguu ya Gogo ilikuwa bado inatembea. Ta, ta, ta, ta, midogo midogo, ya haraka, kisigino kikigusa kidole. Mguu wa mtoto aliyeshika taa anayejitahidi kwenda sawa na baba yake.

Glasi ikamtoka.

“Yesu wangu,” Jocelyne akasema. “Mimi ndiye. Ni mimi.”

“Wewe nini?”

Hakujibu, alirukia daftari. Kwenye kurasa za mbele kila kipimo kilikuwa na jina juu yake, maana ndivyo alivyofundishwa kwao Kalemie na fundi mmoja mkali aliyekuwa akiwapiga rula ya vidole. Kwanza andika jina, ndipo namba, kwa sababu namba isiyo na mwenyewe itakukatisha kitambaa cha watu bure. Miaka ishirini na mbili hakuwahi kuivunja sheria hiyo. Na kule nyuma, kwa mwandiko wake mwenyewe, hatua sabini. Za nani? Hakuandika. Akamtumia mwanamume wa futi sita, na mwanamume wa futi sita akazihesabu kwa miguu yake.

“Hatua za mtoto wa miaka minane!” akamwambia Kemunto, sauti imepanda. “Za mtoto, usiku unaingia, kwenye nyasi! Yule ametembea karibu mara mbili yake. Kaburi haliko kwenye kigingi. Liko katikati, kati ya geti na kigingi, palepale tingatinga linapopita!”

Kemunto akafungua mdomo. “Alikuwa thelathini na tisa,” akasema polepole. “Gogo aliposema sabini, yeye alikuwa thelathini na tisa. Nilimsikia.”

Saa ya ukutani ilisema nne kasoro dakika kumi na mbili. Jocelyne akabonyeza simu kumpigia Fergal, ikaanza kuita, na hapohapo taa ikazima, friji ikanyamaza, na huko nje kwenye kona magari yakaanza kupigiana honi kwenye robot iliyokufa, zile taa za kuongozea magari. Umeme umeondoka, na waifai imeondoka nao.

“Eish! Leo? Leo hii?” Jocelyne akapiga kelele kana kwamba shirika la umeme liko dirishani. Bando kwenye simu yake lilikuwa limekwisha tangu jana. Kemunto alikuwa ameshashuka kwenye stuli, pini zinamchoma ubavuni, “ai, ai, ai,” akifukua mkoba wake. Simu yake ilikuwa na kila kitu, watu wa benki hawakosi. Wakampigia Fergal. Ikaita mpaka ikachoka. Wakapiga tena. Ikaita. Wakatuma ujumbe, ukakaa bila kusomwa.

“Ameiweka mfukoni,” Kemunto akasema. “Na lile tingatinga linavyonguruma, atasikia nini?”

Gogo alikuwa anawatazama, mmoja baada ya mwingine, na mtu asije akasema hakuelewa. Alielewa vizuri kuliko wote. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, na mkono mzima umekamata sketi ya Jocelyne.

Jocelyne akapekua droo ya vifungo mpaka akaipata ile barua ya kamati. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na namba ya duka la kijiji, kwa wasiokuwa na barua pepe.

Kemunto akapiga, akatoa sauti yake ya kazini, ile ya kuongea na mameneja. “Habari za asubuhi, mama. Nakupigia kutoka Johannesburg kuhusu jambo la dharura sana.”

“Hatununui kitu,” mwanamke akajibu, akakata.

Umlaumu? Sauti ya ugeni, asubuhi na mapema, dharura. Hata wewe ungekata. Nne kasoro dakika saba. Jocelyne akamnyang’anya Kemunto simu akapiga mwenyewe, na iliposhikwa tu hakusalimia, Kiingereza chake cha mtaani kikatoka kwa kasi.

“Usikate! Mama, unaponisikia hivi kizingiti chako ni cha jiwe jeusi na kimelika katikati. Ukitoka nje mkono wa kushoto ni daraja, lina matao matano, na chini ya tao la tatu pana kiganja cha mwashi. Kina vidole vinne tu.”

Jocelyne alisikia redio kwa mbali, watu wanaimba.

“Kimekosa kidole gani?” mwanamke akauliza.

“Kidole kidogo. Kilikatwa na kinu.”

“Wewe ni nani?”

“Mimi ni Jocelyne. Niko na Nuala, binti wa nyumba ya kinu.”

“Nuala wa kinu!” mwanamke akasema. “Bibi yangu alicheza naye. Bado yuko hai?”

“Yuko hapa ananishika nguo. Mama, simamisha lile tingatinga kule shambani. Kigingi kimewekwa pasipo pake, kosa ni langu. Kimbia, nakuomba.”

“Binti, nina goti bovu. Mpaka nifike kule watakuwa wamemaliza shamba lote.”

Jocelyne akafumba macho. Akakiona kijiji kizima, duka, daraja, na upande wa pili wa barabara, hatua chache tu hata kwa goti bovu, kanisa.

“Basi kengele. Piga kengele!”

“Ile?” Sauti ya mama wa duka ikabadilika. “Ile haipigwi hivi hivi. Hakuna aliyezama.”

“Mama,” Jocelyne akasema. “Kule kuna mtoto.”

Mama wa duka hakuuliza tena. Alichosikia Jocelyne ni mkonga wa simu ukigonga kaunta, mlango, halafu ile redio peke yake, inaimba. Kemunto aliweka sauti ya juu ili wote wasikie. Nne kasoro dakika tatu. Kasoro mbili. Jocelyne alikuwa amepiga magoti kwenye vipande vya glasi bila kujua, mkono wa Gogo uko kwenye kichwa chake, na alikuwa anamwomba Mungu kwa Kiswahili na Kifaransa, chochote kilichotangulia. Saa nne ikafika. Ikapita. Kwenye simu bado redio.

Ndipo ikalia. Ilitoka mbali na ilikuwa nyembamba, ikapenya ile redio, ng’o, ng’o, ng’o, bila mpangilio, ya mtu anayevuta kamba kwa nguvu zake zote. Gogo akanyoosha mgongo. Uso wote ukabadilika, hata ule upande uliolala. Kengele ile alikuwa hajaisikia tangu utoto wake.

Wakasubiri. Zikaja nyayo, nyingi, viatu vizito vikikimbia, wanaume wanapiga kelele upande wa mto, “Wapi? Nani? Wapi?” Kisha sauti ya mama wa duka anaeleza huku anahema, na mwishowe simu ikachukuliwa na mtu mwenye hasira.

“Nani amesema kuna mtoto?” Alikuwa Fergal.

“Mimi,” Jocelyne akasema. “Yupo. Tingatinga limefika wapi?”

“Limeanza getini. Dereva ameliacha linawaka akakimbia. Mnajua mmefanya nini? Watu wameingia mtoni na nguo zao!”

“Utanitukana baadaye, nitakaa nikusikilize. Zile hatua zilikuwa za mtoto. Alikuwa na miaka minane. Si sabini zako, Fergal, ni thelathini na tisa zako.”

Hasira ikamtoka Fergal.

“Thelathini na tisa,” akasema. “Pale aliponipigia kelele.”

“Palepale.”

Aliporudi shambani Fergal akawapigia upya kwa picha kwenye simu ya Kemunto, na safari hii hakuwa peke yake. Dereva alikuwa naye, kijana mnene mwenye suruali iliyolowa mpaka magotini. Tingatinga lilikuwa limekwangua njia pana kutoka getini, udongo mweusi umegeuzwa. Fergal akaanza kutembea kando yake akihesabu, na safari hii Gogo hakuhesabu. Alishika pumzi. Thelathini. Thelathini na moja. Thelathini na nne, na hapo ndipo jino la tingatinga lilikuwa limesimama hewani juu ya nyasi. Fergal akalitazama, akapita. Thelathini na tisa.

Akampa dereva simu, akapiga magoti, akaanza kung’oa nyasi kwa mikono. Nyasi zilikuwa zimeshikana vibaya. Aling’oa, akachimbua kwa vidole, akang’oa tena, na Jocelyne akawa anamhimiza kwa Kiswahili, “Vuta, baba, vuta,” ambacho yule hakukielewa hata kidogo. Kisha akaacha. Akafuta kitu kwa mkono wa koti lake. Jiwe, si kubwa, limesimamishwa na mtu kwa makusudi, nusu yake ardhini.

“Nuala,” akasema. “Yupo.”

Gogo akatoa sauti ambayo Jocelyne hakuwahi kuisikia kwake, akajifunika uso. Kemunto akaanza kulia naye, gauni linaning’inia bega moja.

Lakini Fergal hakuinuka. Alikuwa anatazama pembeni. Akasogea kwa magoti hatua moja, akang’oa nyasi. Jiwe. Akasogea mkono wa pili, akang’oa. Jiwe. Dereva akaishusha simu, wakaona mbingu, wakaona viatu, wakasikia dereva naye anang’oa, kisha sauti yake, ya chini, “Na hapa. Fergal, na hapa.” Walipoinua simu tena kulikuwa na mstari, na nyuma ya mstari mstari mwingine, mawe madogo madogo yaliyofuatana kuelekea mti uliopinda, kila moja limesimamishwa kwa makusudi. Fergal alihesabu kwa sauti mpaka ishirini na sita, kisha akaacha kuhesabu, akavua kofia.

“Walikuwa wanawaleta wote hapa,” akasema. “Kijiji kizima. Hakuna aliyemwambia mwenzake.” Kisha akasema kitu ambacho hakikuwa cha kamati. “Mama yangu alimpoteza wa kwanza, kabla yangu. Baba alimchukua jioni. Mpaka anakufa mama aliuliza mtoto amewekwa wapi, na baba hakumwambia.” Alikuwa ameweka kiganja juu ya jiwe lililo karibu, lolote tu.

Jocelyne ndipo akaelewa yale maneno ya baba wa Nuala. Tazama miguu yako, usitazame pembeni. Kumbe mzee wa watu hakutaka mtoto wake ayaone mawe yale.

Akageuka kwa Gogo akiwa na wasiwasi mpya, maana sasa jiwe lipi ni la mdogo wake? Mawe matatu yalikuwa ndani ya hatua moja. Ufundi ukampanda kichwani, akaanza kumwambia Fergal arudi kisimani, apime tena kwa futi, amtafute msichana wa miaka minane wa hapo kijijini atembee, wapate jiwe lenyewe hasa.

Gogo akamshika mkono. Alikuwa anatazama kioo, mawe yale yote, kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho, midomo inatafuta. Alisema “mlango,” akatikisa kichwa kujikatalia. Alisema “Jumanne,” akakataa tena. Akafunga macho, akajaribu kwa nguvu mpaka mshipa ukamsimama shingoni.

“Mwache, Jocelyne,” akasema. “Yuko na wenzake.”